Timu ya Honda: Kutoka Silinda Sita hadi Kabaza

Mwishoni mwa Juni 1964, siku chache kabla ya Nyasaland kuwa Malawi, mkazi mmoja wa Rhodesia ya Kusini alishinda mbio tatu kwa siku moja katika uwanja wa Assen, Uholanzi. Jina lake Jim Redman. Alishinda mbio za cc 125, akashinda za cc 250, akashinda na za cc 350, na mara zote tatu alikuwa amekalia Honda. Wanaume waliokimbia mbio hizo wanajua maana yake: pikipiki tatu zenye uzito tofauti, breki tofauti, gia tofauti, na mwili ule ule uliokwisha kuchoka.

Kwa miaka kumi, tangu 1953, Rhodesia mbili na Nyasaland zilikuwa zimefungwa pamoja katika Shirikisho lililotawaliwa kutoka Salisbury. Lilivunjwa siku ya mwisho ya 1963. Redman alipotwaa mataji yake ya kwanza ya dunia, basi, aliishi chini ya serikali moja na watu wa Lilongwe na Dowa. Ujirani huo lakini haukuwa wa haki. Wanaume wa Nyasaland walikwenda Bulawayo na Salisbury kwa maelfu, wakachimba migodini, wakalima mashamba ya watu, wakapika majikoni mwa watu, na mbio za pikipiki zikabaki mchezo wa walowezi. Baba za watoto wanaoendesha kabaza, yaani pikipiki za abiria, leo hawakupewa nafasi ya kujua kama wangeweza kumshinda Redman.

Naandika haya nikiwa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kwa sababu timu ile ya Honda imefika hapa, ingawa haikuja na bendera wala wadhamini. Imekuja ndani ya injini.

Soichiro Honda alizaliwa 1906 katika kijiji karibu na Hamamatsu, mtoto wa mhunzi. Baada ya vita, 1946, Japani ilikuwa na njaa na treni zilijaa watu mpaka madirishani. Honda akapata injini ndogo za jenereta zilizokuwa zikiendesha redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli, akaziuza. Zilipokwisha akaanza kutengeneza za kwake. Kampuni ikaandikishwa 1948, na mwaka uliofuata akajiunga naye Takeo Fujisawa, aliyeshika fedha na biashara ili mwenzake abaki na mafuta mikononi.

Machi 1954 Honda alitangaza kwamba kampuni yake ingeshiriki mbio za TT za Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, ambako wakati huo ndiko sifa ya pikipiki ilikojengwa au kubomolewa. Tangazo hilo alilitoa kampuni ikiwa taabani kifedha. Miezi michache baadaye akaenda kisiwani kuangalia mwenyewe, akakuta injini za Wajerumani na Waitaliano zinatoa nguvu karibu mara 3 ya zile alizokuwa nazo nyumbani kwa ukubwa ule ule. Mtu mwingine angerudi akaitisha mkutano wa kuahirisha. Yeye alinunua matairi, minyororo na kabureta za Ulaya, akazibeba kwenda Japani, mafundi wake wakazifungua moja moja.

Iliwachukua miaka mitano. Mwaka 1959 timu ilifika Isle of Man na pikipiki za cc 125, ikiongozwa na Kiyoshi Kawashima, mhandisi kijana ambaye 1973 angekuwa rais wa pili wa kampuni nzima. Walikuwa wamejifunza ile njia kuu ya milimani kwa filamu na ramani. Walipofika wakaambiwa mbio za cc 125 zinakimbiwa kwenye njia nyingine, ya Clypse. Wakaanza upya. Naomi Taniguchi akamaliza wa 6, Giichi Suzuki wa 7, Teisuke Tanaka wa 8, Junzo Suzuki wa 11, na timu ikapewa tuzo ya viwanda kwa sababu pikipiki zake zilifika mwisho. Hazikuwa na mwendo wa kutisha, ila hazikufa njiani. Ukitaka kuielewa Honda, anza na tuzo hiyo.

Redman aliingia 1960, na aliingia kwa bahati mbaya ya rafiki. Alizaliwa London 1931, akahamia Bulawayo akiwa kijana wa miaka 20, akajifunzia mbio huko Afrika. Rhodesia ilikuwa imekwisha kutoa waendeshaji wakubwa: Ray Amm, aliyeshinda TT kwa Norton na kufa Imola 1955, na Gary Hocking, kijana wa Bulawayo aliyekuwa na kipaji kuliko wote. Redman hakuwa na jina kama hao. Alikuwa Ulaya akijitegemea, akiishi kwa zawadi za mbio, wakati Mwaustralia Tom Phillis wa timu ya Honda alipoumia kabla ya mbio za Assen. Pikipiki ikawa haina mtu. Redman akaiomba, akaipata, hakuirudisha tena.

Mwaka uliofuata mambo yakageuka kwa kasi. Aprili 1961 Phillis alishinda mbio za Hispania za cc 125, ushindi wa kwanza wa Honda katika mbio za ubingwa wa dunia. Mwezi uliofuata, Hockenheim, Kunimitsu Takahashi akawa Mjapani wa kwanza kushinda mbio za aina hiyo. Na kule Isle of Man, walikochekwa miaka miwili tu nyuma, Honda zikashika nafasi zote tano za mwanzo za cc 125 na zote tano za cc 250. Phillis akawa bingwa wa dunia wa cc 125, Mike Hailwood wa cc 250. Mwaka huo huo Hocking, akiendesha MV Agusta, akatwaa ubingwa wa cc 350 na wa cc 500.

Halafu 1962. Phillis alikufa katika TT, akiendesha Honda katika mbio za cc 350. Hocking alikuwa rafiki yake. Alishinda mbio kubwa za TT wiki ile ile, kisha akasema pikipiki basi, akarudi Afrika ya kusini. Akageukia magari ya mbio, na tarehe 21 Desemba 1962 akafa akifanya mazoezi kwenye uwanja wa Westmead, Durban. Alikuwa na miaka 25. Redman ndiye aliyebaki. Yeye mwenyewe alifikiria kuacha, na uamuzi wake wa kuendelea ndio uliompa mataji sita: ya cc 250 na cc 350 mwaka 1962, yote mawili tena 1963, kisha ya cc 350 peke yake 1964 na 1965. Mwaka 1964 alishinda mbio zote nane za cc 350 zilizohesabiwa. Alikuwa pia nahodha wa timu, mtu aliyekaa na wakubwa wa Tokyo na kupatana nao bei.

Ila 1964 kulikuwa na tatizo moja, nalo liliitwa Yamaha. Injini za Yamaha za cc 250 zilikuwa za mipigo miwili: nyepesi, hazina valvu kichwani mwa silinda, zinapiga kelele kama nyuki, na Phil Read alikuwa akizitumia kumwacha Redman. Kila mtu alijua dawa. Dawa ilikuwa Honda nao watengeneze mipigo miwili. Soichiro Honda hakutaka. Aliamini katika mipigo minne, na aliwaachia wahandisi wake kazi ya kutafuta nguvu ndani ya imani hiyo.

Hapa ndipo panaponivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya historia hii. Injini ya mipigo minne huwasha mafuta mara moja kwa kila mizunguko miwili; ya mipigo miwili huwasha kila mzunguko. Ili ya kwanza iifikie ya pili, lazima izunguke haraka zaidi. Na ili injini izunguke haraka bila kuvunjika, pistoni lazima ziwe ndogo na nyepesi. Ukizifanya ndogo, unahitaji nyingi. Mhandisi Shoichiro Irimajiri, aliyeingia kampuni 1963, alikuwa miongoni mwa vijana waliofuata hesabu hiyo mpaka mwisho wake: injini ya cc 250 iliyogawanywa silinda sita, kila moja karibu cc 41, kila moja na valvu nne. Valvu 24 katika injini ambayo leo ingetosha kwa pikipiki ya kwendea sokoni. Silinda zote sita zilipangwa kwa upana, na bado injini ilikuwa nyembamba kiasi cha kukaa kati ya magoti ya mwendeshaji.

Iliondolewa Japani kwa ndege na kuonyeshwa mara ya kwanza Monza, Septemba 1964. Redman aliiendesha. Ilikuwa na mbio za ajabu, ikapata joto, akamaliza wa 3, na Read akatwaa ubingwa. Wakairudisha kwenye meza. Kufikia 1966 ilikuwa inazunguka mara 18,000 kwa dakika, inatoa nguvu farasi 60 na zaidi, ina gia saba, na Hailwood, aliyekuwa amerudi Honda, alishinda mbio zote kumi za cc 250 alizoingia mwaka huo. Rekodi za sauti yake zipo hadi leo. Ni mlio mwembamba unaopanda na hauonyeshi dalili ya kufika kileleni.

Mwaka huo wa 1966 Honda ilitwaa mataji ya viwanda ya madaraja yote matano, kuanzia cc 50 hadi cc 500. Hakuna kiwanda kilichokuwa kimefanya hivyo. Lakini taji la mwendeshaji la cc 500, lile alilolitaka zaidi Soichiro Honda, lilikwenda kwa Giacomo Agostini wa MV. Redman ndiye aliyepangiwa kulitafuta. Alianza vizuri, akashinda Hockenheim, akashinda Assen, kisha Spa, Ubelgiji, mvua ikamwangusha akavunjika mkono. Akastaafu. Hailwood alijaribu tena 1967 akakosa, na Februari 1968 kampuni ikatangaza kuondoka kwenye mbio za pikipiki. Fedha na wahandisi walihitajika kwenye magari.

Wahandisi waliofunzwa na mbio walitawanyika ndani ya kampuni, na hapo ndipo njia ya kuja Dzaleka inapoanza.

Miaka ya mwanzo ya 1970 Honda ilikuwa ikiuza pikipiki ndogo Asia, Mashariki ya Kati na Amerika ya Kusini, na ilikuwa ikipokea malalamiko. Injini zake zilikuwa na kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, juu ya kichwa cha silinda, muundo uliotoka moja kwa moja kwenye mbio. Ni muundo mzuri endapo mwenye pikipiki anabadilisha oili kwa wakati. Wanunuzi wa huko walipakia watu wanne, walipita vumbini mwaka mzima, na oili waliiongeza ilipokwisha. Oili ikiwa matope, kamshafti ya juu ndiyo inayoumia kwanza, maana iko mbali na pampu. Wahandisi wakaenda kuangalia watu wanavyoishi na pikipiki hizo. Hawakuandika kitabu cha kuwafundisha watu kutunza injini. Walibadilisha injini.

Matokeo yalikuwa CG125, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1970. Kamshafti iliteremshwa chini, karibu na oili. Ina jino moja tu linalosukuma valvu zote mbili kupitia fimbo mbili nyembamba, na inazungushwa na gia, kwa hiyo hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea. Oili huchujwa na kikombe kinachozunguka, uchafu ukatupwa pembeni kwa nguvu ya mzunguko, bila chujio la kununua. Pistoni ina kipenyo cha milimita 56.5, mwendo wake milimita 49.5. Nguvu farasi 11 hivi. Kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazil, kilianza kazi 1976 kwa kuitengeneza hiyo, na Pakistani wanaiunda mpaka leo. Viwanda vya China vikaichukua na kuiiga kwa mamilioni.

Nenda sasa kwenye vibanda vya mafundi hapa Dzaleka, uiname karibu na injini ya kabaza ya Kichina, ufute vumbi kwenye ubavu wa chini. Mara nyingi utasoma 156FMI. Hiyo 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha pistoni, F ni injini inayopozwa kwa hewa, M ni pikipiki, I ni daraja la cc 125. Ikiwa imeandikwa 162FMJ, ni ndugu yake mkubwa wa cc 150. Pikipiki za Kihindi zina miundo yake, lakini hizi za Kichina zina damu ya CG, na fundi akifungua kifuniko cha juu utaziona zile fimbo mbili zikichungulia kutoka chini. Nimesimama mara nyingi kuangalia kazi hiyo. Fundi hugeuza injini kwa mkono mpaka pistoni ifike juu, akalegeza nati ndogo, akapima nafasi ya valvu. Kitabu cha kiwanda kinataka milimita 0.08. Wapo wenye vipimo vyake, na wapo wanaotumia wembe, ambao unene wake ni kama milimita 0.1. Pikipiki inawaka, inarudi barabarani na abiria wawili na gunia.

Kambi hii ilifunguliwa kwa wakimbizi 1994, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa Rais Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumepita 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mafundi wengi walijifunza kazi Bukavu, Uvira au Bujumbura kabla ya kukimbia. Spea hutoka Lilongwe: unashika M1 kutoka Mji wa Kale, unapita Kanengo na Lumbadzi, kisha unakata kulia kuelekea Dowa, kama kilomita 45 na ushee. Mkimbizi haruhusiwi kuishi mjini, na 2023 serikali iliwarudisha kambini kwa nguvu wengi waliokuwa na maduka huko. Tangu hapo ringi za pistoni na sahani za klachi zinasafiri kwa kuagizana. Injini isiyohitaji spea nyingi, katika mahali kama hapa, ni ukarimu wa mtu aliyekaa akafikiri. Naamini kabisa kwamba waliofikiri hivyo walifunzwa na ile tuzo ya 1959: kwanza fika mwisho.

Honda ilirudi kwenye mbio kwa mlango mwingine. Mwaka 1969 ilikuwa imetoa CB750, pikipiki ya dukani yenye silinda nne na breki ya diski mbele, na waandishi wa Marekani wakatafuta neno la kuiita wakapata superbaiki. Wamarekani wakaanzisha ligi ya pikipiki za aina hiyo 1976. Ubingwa wa dunia wa Superbike ulianza Aprili 1988, Donington, Uingereza. Sheria yake ni rahisi na inapendeza: pikipiki ya mbio lazima itokane na pikipiki inayouzwa kwa umma. Kiwanda hakiwezi kuleta silinda sita za maabara. Kinaleta kile ambacho mtu mwenye fedha anaweza kwenda dukani akanunua.

Honda iliunda RC30, ya silinda nne za V, cc 750, yenye kamshafti zinazozungushwa na gia na fimbo za pistoni za titani. Mmarekani Fred Merkel, akiwa na timu ya Rumi ya Italia, alitwaa nayo ubingwa wa kwanza 1988, akaurudia 1989. Baada ya hapo zikaja Ducati, nyekundu, za silinda mbili, zilizoruhusiwa ukubwa zaidi kwa sababu ya uchache wa silinda, na Honda ikateseka. RC45 ya 1994 ilihitaji miaka mitatu mpaka John Kocinski alipotwaa nayo taji la 1997. Mwaka 1998 Aaron Slight wa New Zealand alilikosa kwa pointi 4.5 tu.

Wakaamua kupigana na Ducati kwa silaha yake. Pikipiki mpya ya silinda mbili, cc 1000, ilianza mbio zake za kwanza kabisa katika ardhi ya Afrika: Kyalami, kaskazini ya Johannesburg, mwaka 2000. Colin Edwards kutoka Texas akashinda nayo siku ya kwanza, na mwisho wa msimu akawa bingwa. Mwaka 2001 taji lilikwenda kwa Mwaustralia Troy Bayliss wa Ducati, na mwaka 2002 wawili hao wakafanya jambo ambalo wapenzi wa mchezo huu wanalisimulia hadi leo. Bayliss alishinda mbio 14 kati ya 17 za mwanzo. Edwards alikuwa nyuma sana. Kisha Edwards akashinda tisa za mwisho, zote, bila kuachia hata moja, na Imola, siku ya kufunga msimu, walipishana mpaka mstari wa mwisho. Edwards pointi 552, Bayliss 541. Baada ya ushindi huo timu ya kiwanda ikafungasha, ikaondoka.

Ndipo wakatokea watu wa duka. Nieuwleusen ni kijiji cha mashariki mwa Uholanzi, na Gerrit ten Kate alikuwa na duka la pikipiki hapo. Timu yake, ikisimamiwa pia na Ronald ten Kate, ilikimbiza Honda za cc 600 katika daraja la Supersport, ikatwaa ubingwa wa dunia 2002 kwa Fabien Foret, 2003 kwa Chris Vermeulen, 2004 kwa Karl Muggeridge, na haikusimama mpaka 2008: mataji saba mfululizo, ikiongezewa Sébastien Charpentier mara mbili, Kenan Sofuoğlu na Andrew Pitt. Fikiria: duka la kijijini, linalouza pia kofia na kubadilisha matairi ya wateja, linawashinda wenye viwanda miaka saba.

Mwaka 2004 walipanda daraja la juu, Superbike, na Honda Fireblade ya cc 1000. Vermeulen akashinda mbio msimu wa kwanza, akawa wa 2 wa dunia 2005. James Toseland, Mwingereza ambaye pia ni mpiga piano hodari, akawa wa 2 mwaka 2006. Na 2007 Toseland akawa bingwa wa dunia kwa pointi 415, Noriyuki Haga wa Yamaha akiwa na 413. Pointi mbili, baada ya msimu mzima. Hilo ndilo taji la mwisho la Superbike kwa Honda mpaka leo.

Nadhani Honda haikuelewa ilichokuwa nacho. Ten Kate walimlea kijana wa Ireland ya Kaskazini, Jonathan Rea, kuanzia Supersport 2008, na 2009 hadi 2014 aliendesha Fireblade iliyokuwa ikizeeka, akishinda mbio ambazo pikipiki hiyo haikustahili kushinda. Mwaka 2014 alimaliza wa 3 kwa ushindi mara nne. Akaenda Kawasaki, akatwaa mataji sita mfululizo, 2015 hadi 2020. Aliyeshindwa Honda hakuwa mwendeshaji, na mafundi wa Nieuwleusen walikuwa wamelisema hilo kwa matokeo yao miaka yote.

Nicky Hayden, bingwa wa MotoGP wa 2006, akaja 2016, akashinda Sepang kwenye mvua. Mei 2017, akiendesha baiskeli ya mazoezi karibu na Rimini, aligongwa na gari, akafa siku tano baadaye akiwa na miaka 35. Tangu ushindi wake wa Sepang hadi mwisho wa msimu wa 2025, hakuna Honda iliyoshinda mbio za Superbike za dunia.

Mwishoni mwa 2018 Honda ikawapa kazi watu wengine, na Ten Kate wakabaki bila pikipiki wala mkataba. Majira ya kiangazi ya 2019 walirudi uwanjani Jerez, msimu ukiwa katikati, wakiwa na Yamaha moja na Mfaransa Loris Baz. Honda nayo ikaleta timu yake ya kiwanda 2020, na pikipiki mpya, wahandisi wake, Álvaro Bautista kama mwendeshaji. Mwaka huo ilifika jukwaani Aragon, nafasi ya 3. Ten Kate wakarudi kwenye daraja walilolijua, Supersport. Dominique Aegerter wa Uswisi akawapa ubingwa 2021 na 2022, na 2025 Stefano Manzi wa Italia akawaongezea mwingine, akiwa kwenye Yamaha iliyoandaliwa na watu wale wale wa Nieuwleusen.